Simsim Haji Akiitwa

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kinyozi, yaani mbele ya mlango wangu, na kila asubuhi hukaliwa na watu wenye kazi zao kwingine. Dokta hajawahi kutibu mtu, anatengeneza simu. Kamusi alikuwa karani wa shule, na hakuna asilolijua. Wa tatu ni Fundi, mshona nguo wa mlango wa pili, na leo kahawa imempolea mkononi. Kesho mama yake anarudi kutoka safari ya wiki mbili, na ndiye aliyemwachia Simsim, kitoto cha mbwa cha miezi mitatu. Tangu mumewe afariki, mama yule hacheki ila na Simsim. Alimwacha mbwa huyo akimkimbilia kila mtu. Siku hizi akiitwa anaingia chini ya kabati la vitambaa.

— Mama akimwita asije, nitamwambia nini? Fundi alituuliza kwa mara ya nne.

— Ni masikio hayo, akasema Dokta. Yameziba.

— Anasikia, bwana. Nikifunua sufuria tu, yuko mlangoni.

— Basi anasikia sufuria, hasikii watu. Mawimbi tofauti.

Kamusi alicheka kwa dharau. Kwake yeye tatizo lilikuwa heshima: Fundi ale kwanza, polepole, huku akimkazia mbwa macho, mpaka ajue mkubwa ni nani. Fundi akasema ameshafanya hivyo tangu Jumanne, na Simsim alisinzia.

— Basi mng'ate sikio, akasema Kamusi. Ndivyo mama zao wanavyofanya.

Tulimtazama tuone kama anatania. Hakuwa akitania.

Mimi nami sikutaka kupitwa. Nikasema labda kosa ni jina, maana ukiitwa jina la kitu cha kuliwa lazima ukimbie. Nilitaka Fundi acheke kidogo, lakini wenzangu wakaanza kubishana kwa dhati juu ya jina jipya, Kamusi aking'ang'ania Jenerali. Fundi aliweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa. Nikaona aibu.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, mteja aliyefuata sketi yake. Alisikiliza akiwa amesimama, mkoba begani, kisha akamgeukia Fundi.

— Samahani, kaka. Ukimwita akaja, unamfanya nini?

Dokta akainamia kikombe chake. Kamusi akakohoa.

Jibu tulikuwa nalo sote. Simsim akikojolea kitambaa cha mteja, Fundi humwita kwa sauti tamu, njoo mwanangu, njoo, na akishafika anachapwa kwa rula ya mbao. Fundi hakuyabuni hayo. Alikuwa akimfukuza mbwa kuzunguka cherehani, akahema, ndipo benchi likamshauri asijichoshe, amwite aje mwenyewe. Wenzangu wamesahau nani alisema. Nilisema mimi.

Yule mama hakumsuta mtu. Alimwambia Fundi aiweke rula mbali, akae sakafuni, asimwite kabisa. Mbwa akisogea mwenyewe, hata hatua moja, apewe kijipande cha nyama na neno zuri. Akikojolea nje, vivyo hivyo. Akikosea ndani, pafutwe tu, yaishe.

— Mpaka kesho atakuwa amesahau? Fundi akauliza.

Yule mteja alitazama mlango wa Fundi.

— Sijui, kaka. Sketi itangoja.

Fundi alikwenda. Kutoka kwenye benchi tulimwona amekaa chini karibu na kabati, kiganja wazi, kijipande cha nyama juu yake, mdomo kaufunga. Chini ya kabati ilionekana pua tu. Haikusogea. Nilitaka kwenda kumwomba Simsim radhi, lakini ningeanzaje bila kumwita?