Kelele Zilizopita Ukaguzi

Mkaguzi wa magari alikuwa hoi kwa uchovu, amefumba macho kwenye kiti cha nyuma cha basi, aliposikia ubishi mbele yake. Fundi wa ekzosi za magari, masizi bado mikononi, alikuwa akijitetea kwa mkunga aliyeketi naye.

“Mama, sheria tunaifuata. Siku ya ukaguzi tunafunga kizuia sauti, gari linapimwa, linapita. Kesho yake mwenyewe anataka kitolewe, gari lingurume. Nimkatalie? Mkono mtupu haulambwi.”

Mkaguzi hakufumbua macho. Magari hayo aliyapitisha yeye, na mchezo huo aliujua fika.

“Mwanangu,” mkunga akasema taratibu, “wodi yetu iko kando ya barabara. Moyo wa mtoto tumboni nausikiliza kwa sikio langu hili. Jumanne nilimwinamia mzazi mmoja, likapita gari la kunguruma. Sikusikia kitu, nikasema ni kelele. Nikarudia, likapita jingine. Nikasema tena ni kelele.”

“Halafu?”

“Halafu barabara ikatulia, na tumboni nako kimya.”

“Pole, mama. Lakini hujui kama ungemwahi.”

“Sijui. Na wewe hujui. Ila mama yake ananiuliza mimi.”

Basi likasimama kituoni. Wote wawili walishuka. Kituo hicho kilikuwa cha mkaguzi pia, lakini aliendelea kukaa, mkono umeshika kiti cha mbele, mpaka dereva alipomwuliza mara ya pili, “Mzee, hushuki?”