Jina Ambalo Asteria Hakulitamka

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Asteria Ndaki wa Kahama, ambaye wengi mlimwita Mama Martina. Amefariki Jumanne, hospitalini Kolandoto, baada ya kuugua wiki mbili. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Kwa uliyefungua redio sasa hivi: Asteria Ndaki, Mama Martina, hatunaye.

Mwaka 2022 Asteria aliitwa kwenye mafunzo ya makarani wa sensa. Kazi ya muda mfupi tu. Lakini alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtoto akinyonya, daftari gotini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza cheti chake kuitwa mahali. Alienda na viatu vya kuazima. Walipompa kishikwambi, alikifuta kwa upindo wa kitenge, ingawa kilikuwa kipya.

Siku ya pili wakafanya mazoezi wawili wawili, kila mmoja akijibu kuhusu kaya yake ya kweli. Rhoda, mwenzake wa dawati moja, akauliza swali la kwanza: jina la mkuu wa kaya. Asteria akanyamaza.

Mumewe, Marselino, alikuwa machimboni Geita, hivyo mkuu wa kaya alikuwa baba mkwe. Na kwao mkamwana halitamki jina la baba mkwe. Halitamki hata akiwa peke yake jikoni.

"Mama Martina, umesahau unakoishi?" Rhoda akamtania, darasa likacheka. Mkufunzi, Mwalimu Bartholomeo, hakucheka. Alisema atakayeshindwa kumaliza dodoso la mazoezi kesho yake atampisha mtu wa akiba.

Jioni ile ugali wa Asteria uliungua. Baba mkwe akauliza kulikoni. Akaelezwa, mkamwana macho chini. Mzee akaingia ndani, akatoka na kadi yake ya mpiga kura, akaiweka juu ya kigoda, maana hakuwa na mazoea ya kumpa kitu mkononi.

"Usilitamke, mayu," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, mama kwa Kisukuma. "Waoneshe."

Kesho yake Rhoda alipouliza, Asteria aliweka kadi mezani. Rhoda akajisomea: Jilala. Maswali yakaenda mpaka la mwisho. Ndipo Asteria akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huko tuendako tutakuta wakamwana wengi kama mimi. Tusiwaone wabishi. Tuombe kadi."

Mwalimu Bartholomeo akayaandika ubaoni maneno hayo mawili: Tuombe kadi. Rhoda anasema, "Nilimcheka dakika moja, nikamwiga sensa nzima."

Jana tumemzika. Marselino alianza kusoma wasifu, sauti ikagoma. Mzee Jilala akaichukua ile karatasi. Tangu Asteria aolewe, mzee hakuwahi kumwita kwa jina, na mstari wa kwanza ulikuwa jina. Akanyamaza. Tukasubiri, hakuna aliyecheka.

"Asteria," akasema. Kisha polepole, kama anayejifunza, "Asteria Ndaki."

Mzee Jilala, Marselino, na wewe Martina mwanetu, poleni sana. Mungu awashike mkono nyumba isipozoeleka bila yeye. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tumfikirie mtu tuliyewahi kumcheka kwa kuwa alinyamaza. Huenda alikuwa anamheshimu mtu. Na kama yuko hai, tumwite leo kwa jina lake, akiwa bado anaweza kuitika.