Maji Kwenye Beseni la Bong-chul

Nje ya duka la mbegu pale mjini Goesan kuna benchi, na pembeni yake mashine ya kahawa inayotema vikombe vya karatasi. Asubuhi moja ya Novemba, msimu wa kuweka kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, Bong-chul alifika amenuna. Mkewe alifariki mwezi wa nne. Mwaka huu kazi ya kabichi ni yake mwenyewe, na Jumamosi binti yake anakuja kutoka Busan. Jana alizipasua, akazipaka chumvi kavu, akaziacha kwenye beseni uani. Kulipokucha akazikuta zimelegea kama matambara, beseni limejaa maji nusu. Ua wenyewe umepakana na wa mzee waliyembandika jina la Redio, mtu asiyepita penye jambo bila kutia mkono, naye alikuwa ameshaketi benchini.

— Redio, umemwagia maji kabichi zangu?

— Mimi? Maua yangu tu yanakufa na kiu, nije ninyweshe kabichi iliyokwisha kukatwa?

Aliyewaamulia ni Daktari, dereva mstaafu wa basi, aliyepewa jina hilo kwa kupasuliwapasuliwa tumbo. Akaeleza kwamba hapo hakuna mchokozi. Jani ni vijumba vidogo vidogo, seli, na kila kimoja kimefunikwa utando. Utando huo hupitisha maji lakini chumvi huizuia mlangoni. Chumvi ikizidi nje, maji ya ndani hutoka kuifuata.

— Yanatoka bila kusukumwa? Bong-chul akauliza.

— Yenyewe, kaka. Kama wewe na harufu ya nyama.

Redio, kwa kuwa kesi imemwondokea, akapata nguvu ya kuongea. Akaapa kwamba shemeji yake alilala juu ya magunia ya chumvi, akaamka amekonda, suruali inamvuka. Daktari hakukubali kupitwa. Akadai mtu akilia sana hufupika, maana chozi ni chumvi na huvuta maji ya mifupa. Bong-chul, ambaye amelia tangu mwezi wa nne, akaitazama miguu yake.

Hapo akadakia Ha-yul, dada aliyehamia juzi kufungua saluni jirani. Alikuwa akisubiri kahawa yake na ameyasikia yote.

— Samahani, wazee wangu. Kama utando unazuia chumvi, mbona kimchi huwa na chumvi mpaka ndani?

Redio akamtazama Daktari. Bong-chul akaingiwa na hofu, kwa sababu hakuwa ameonja kama imeingia. Akainuka kuelekea nyumbani, na benchi zima likamfuata.

Uani alichomoa jani la katikati kabisa, lile jeupe, akatafuna polepole. Halikufikia zile za mkewe. Lakini chumvi ilikuwamo.

— Imeingia, alisema.

— Imepita wapi sasa? Redio akauliza.

Wote wakamgeukia Daktari.

— Sijui, akasema.

Miaka yote ya lile benchi hawakuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Bong-chul akamwomba Redio radhi, akakunja mikono ya sweta, na wawili hao wakalibeba beseni hadi bombani kusuuza kabichi.