Mpishi wa Mawe Aaga Chungu Chake

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkemia wetu anavua koti jeupe. Kituo kizima cha umeme wa mvuke kinamjua kwa jina moja tu: Mama Mapishi.

Kazi yake ilikuwa kupika mawe. Mvuke wa ardhini huacha ukoko kwenye mabomba, na ukoko huo huondolewa kwa dawa. Lakini dawa haiishii kwenye bomba. Inashuka kisimani mpaka kwenye mwamba, na nyufa za mwamba ndizo zinazotupatia mvuke. Kwa hiyo hakuruhusu dawa yoyote ishuke kabla hajaipika na jiwe la kisima hichohicho, katika chungu chake cha chuma, kwa joto la huko chini. Mumewe hulalamika kwamba nyumbani maharage yanaungua, ila jiwe la kazini halijaungua hata siku moja.

Wakongwe hatujasahau Kisima cha Saba. Mvuke ulipungua, mji ukaanza kupata umeme kwa zamu, na dawa mpya ilikuwa imeng'arisha mabomba ya majaribio. Mkuu wa visima alitaka imwagwe wiki ileile. Lo! Jiwe lilitoka chunguni laini kama sabuni iliyoloa, nyufa zimezibwa na tope lake lenyewe. Mama Mapishi akagoma kutia saini. Akaambiwa kisima kikifa atajibu yeye. Akasema sawa, kazi yake hiyo hapo mezani, lakini mwamba ukishaziba hakuna wa kuuzibua. Akapunguza ukali wa dawa, akapika tena na tena mpaka jiwe likatoka na nyufa zake wazi.

Siku ya kumwaga tulisimama mbele ya geji ya mvuke roho juu. Mshale ulipopanda, mkuu wa visima, aliyekuwa amemnunia Mama Mapishi mwezi mzima, alimkumbatia kwa pupa hadi helmeti ya mkuu ikamgonga mama puani. Kovu analo bado, na analionyesha kwa majivuno. Siku hizi mkuu huyohuyo ndiye anayemuuliza kila mleta dawa kama imepikwa.

Juzi ilifika dawa nyingine. Mama Mapishi ameitia chunguni na jiwe, na majibu yatatoka wiki ijayo, yeye akiwa mstaafu. Jana alifunga mlango wa maabara, akarudi kuangalia joto, akafunga, akarudi tena.

Asante, mama yetu. Taa za mji huu zinawaka kwa ubishi wako. Tunakutakia siku tamu na maharage yasiyoungua. Na jiwe likitoka tutakuletea nyumbani. Hatumwagi hata tone kabla hujaliona.