Safari Hii Maji Moto Hatukuwachoma

Mgeni rasmi, Afisa wetu wa Kilimo, Bwana Stambuli, je, umeshang'atwa tangu ushuke garini? Kama bado, vuta subira. Maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini, wako juu ya kichwa chako, ndani ya majani yale waliyoyashona kama vifuko.

KUKUKARIBISHA
Karibu Sabaki. Kiti chako tumekifuta mara mbili, lakini wadudu hawa hawasikii.

TULIKOTOKA
Mwaka juzi tulipopata habari kwamba unakuja, tulisema mgeni mkubwa hang'atwi kwetu, ni aibu. Tukafunga mienge ya makuti, tukachoma kila kiota, mti kwa mti. Ukala machungwa matatu, ukaondoka bila kujikuna.

Msimu uliofuata inzi wakaja kutaga ndani ya matunda. Bibi Kibibi, anayetuuzia sokoni Malindi, alipasua chungwa lenye funza mbele ya wateja, akaniuliza, "Mama Kadii, leo umeniletea tunda au kitoweo?" Watu wakacheka. Sisi tulirudi na magunia yetu. Kumbe wale wakali tuliowachoma ndio waliokuwa askari wetu wa kuwafukuza inzi.

TULIYOYAFANYA
Mzee Kaingu peke yake hakuchoma. Alikuwa na homa siku ile, nasi tukamsema kwa uvivu. Mchungwa wake, uliobaki na viota, ndio uliotuponya. Tulijipaka majivu mikononi wasitupande, tukakata matawi yake yenye viota, tukayafunga kwenye miti mingine, kisha tukavuta kamba mti hadi mti, maji moto wapate kupita. Machungwa yanayoanguka tunayaokota kila siku, tunayazika kwenye shimo refu. Miti kumi na tisa sasa ina maji moto. Arobaini na mmoja bado inangoja.

YANAYOTUSUMBUA
Tangu asubuhi hatutulii. Umetuletea madumu sita ya dawa ya kuua wadudu, yamepangwa pale kivulini, na pampu imeshafunguliwa. Dawa ile haimjui inzi wala maji moto. Ikipita, wote chini, nasi turudi kwa Bibi Kibibi kuchekwa.

MAOMBI
Hapa kamati imeandika, "Tunashukuru kwa dawa, tunaomba na glavu." Nimejizoeza kuyasoma maneno haya nyumbani mara tatu, na kila mara nimeikunja karatasi kabla ya kufika mwisho. Kwetu zawadi ya mgeni hairudishwi. Ndiyo maana unawaona wenzangu wanaangalia miguu yao.

Basi niwie radhi, mwanangu. Mungu akupe afya, akufikishe kwako salama. Na madumu yako, tunakuomba uondoke nayo.

Ni sisi, Kikundi cha Michungwa, Sabaki.
Msomaji: Kadii Mwaringa.