Posa Iliyongoja Mwisho wa Dunia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni taratibu tu, inatosha. Nimetoka mahali pa kelele nyingi na masikio yangu bado yanapumzika.

Mchungaji aliniomba nishuhudie tangu zamani, nikawa namkwepa. Ushuhuda wangu si wa kusisimua. Mama aliyesimama kabla yangu ametueleza alivyoponywa, tukapiga vigelegele, na ilistahili. Mimi sikuumwa. Sikuwa mlevi, sikuiba, sikuvamiwa na pepo. Mimi nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja mwisho wa dunia, na kazi hiyo imenichosha kuliko jembe.

Wengi mnanijua. Ni Baba Tabitha, mkulima wa mananasi kule Kiwangwa. Nilikuja pwani kutoka bara nikiwa kijana, nikaoa, na watoto wangu wote wamebatizwa humu. Halafu mkaacha kuniona. Mama Tabitha aliendelea kuja peke yake, na mlipomuuliza niliko alisema niko salama. Aliwaficha, maskini. Sikuwa salama.

Aliyenitoa hapa alikuwa nabii. Jina lake sitalitaja. Alikuja na turubai, spika mbili na meza ya plastiki, akaweka kambi kando ya barabara ya Msata. Alikuwa na sauti nzuri, tusimnyime haki yake. Alisema ameonyeshwa kwamba mwaka ule hautafika ukingoni. Na mimi wakati huo jua lilikuwa limenikaushia shamba, bei ya mananasi imeanguka, nikiamka asubuhi sijui nianzie wapi. Mtu akaja kuniambia kwamba haya yote yanaisha karibuni. Nilimpenda! Jambo hili watu hawalisemi, ndugu zangu. Mwisho wa dunia ni habari tamu sana kwa mtu aliyechoka.

Mwaka ukafika ukingoni. Nabii akasema tumeongezewa muda kidogo, tusubiri Pasaka. Pasaka ikaja, tukala, ikapita. Akasema masika. Masika ikanyesha kama kawaida yake. Kila mara tulifua kanzu zetu nyeupe tukazipiga pasi, maana hatukutaka kunyakuliwa tukiwa na makunyanzi. Kanzu ile imepigwa pasi kuliko suti yangu ya harusi. Akatukataza kupanda, kwa kuwa nanasi huchukua zaidi ya mwaka na hakuna atakayebaki kulila. Nikaacha majani yameze shamba. Jioni mke wangu alikuwa akiniambia, "Baba Tabitha, dunia ikiisha itukute tumekula. Njoo mezani." Nilimwona hana imani.

Na nabii alikataza kuoa na kuolewa. Hapo ndipo habari yangu ilipo.

Binti yangu Tabitha, yule anayefundisha chekechea, alipendana na kijana wa Msata, fundi pikipiki. Kijana hakufanya uhuni. Wazazi wake walimtuma mshenga, jirani yao wa siku nyingi, Mzee Shomari, Mkwere na Mwislamu safi, mtu wa adabu zake. Alifika kwangu na kofia yake iliyodariziwa kwa mkono, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za watoto, za huko bara nilikotoka, mpaka za kuku. Ndipo akasema, "Mzee mwenzangu, tumepita njia tukaona ua kwenu. Tumekuja kwa heshima kuuliza kama linaombeka." Akanipa barua ya posa imefungwa kwenye kitambaa. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema tumeipokea, tutawajibu. Alipoondoka nikaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Nani anajibu posa wakati parapanda inakaribia kulia?

Sasa mnajua desturi yetu. Upande wa mke hauna haraka. Ukijibu upesi utaonekana umechoka kumlisha binti yako. Basi nikajificha ndani ya desturi. Mzee Shomari akarudi, nikasema bado tunashauriana. Akarudi tena, safari hii akiwa mnyonge, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Tabitha, tumekaa tukafikiri. Mahari tumeongeza kidogo." Ndugu zangu, ile ya kwanza nilikuwa sijaisoma! Wale watu waliona mkwe mwenye maringo, kumbe ni mkwe anayengoja malaika.

Tabitha hakuniuliza kitu. Ni mtoto wa heshima, akiniamkia asubuhi shikamoo baba, basi anashika njia ya shuleni. Lakini alikuwa akinunua vyombo, kimoja kimoja. Sufuria. Chupa ya chai. Sahani zenye maua. Anavipanga chini ya kitanda chake na kufunika kwa khanga. Nilikuwa naviona. Jumapili nilimchukua pia kwenda kwa nabii, akawa ananifuata.

Ikaja siku kubwa. Nabii alisema safari hii ni saa sita mchana, bila wasiwasi. Tulikusanyika uwanjani tangu asubuhi na kanzu zetu, wazee, wagonjwa, watoto wachanga. Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa jirani, tukainua mikono juu. Tukaimba. Mikono ikachoka, tukaishusha. Muuza barafu akapita, watoto wakalia, mama zao wakawaziba midomo kwa kuwa nani anunue barafu siku ya hukumu? Ikaja adhana ya alasiri. Jirani yangu alikuwa amelala amekaa. Mimi nilikuwa naangalia magoti yangu na vumbi lililoshika kanzu, na moyoni, Bwana anisamehe, nilikuwa naomba tu turuhusiwe kwenda nyumbani.

Ndipo nabii akasimama. Alikuwa amekasirika. Akasema Bwana alikuwa njiani kabisa, lakini kuna mtu kati yetu amemzuia. Akasema kuna binti ambaye mwili wake uko hapa na moyo wake uko kwenye sufuria. Sijui nani alimpelekea habari ya vyombo vile, na siku hizi sitafuti kujua. Akamwita Tabitha mbele. Akampigisha magoti kwenye mchanga wa moto, watu wote wakimwangalia kwa hasira, kwa sababu kila mmoja alikuwa na njaa na sasa amepata wa kumlaumu. Halafu akanigeukia mimi.

"Baba yake, simama! Mkane mbele ya kusanyiko hili, Bwana apite!"

Nikasimama. Nilitembea mpaka alipo binti yangu na nilikuwa sijui nitasema nini, huo ndio ukweli. Tabitha akainua uso. Nilitegemea ataniomba. Hakuniomba. Alinitazama kama mtu anayelijua jibu tayari, akainamisha tena kichwa, akawa anangoja nimkane. Alikuwa ameshajua kwamba baba yake atafanya vile. Alikuwa ameshakubali!

Lo, ndugu zangu! Sijawahi kupigwa hivyo. Mtoto niliyembeba mgongoni kumpeleka kliniki, nimemfikisha mahali ambapo hategemei kitu kwangu. Nililia pale pale, kanzu nyeupe na yote.

Nikamshika mkono nikasema, "Tabitha, mwanangu, inuka. Twende nyumbani."

Ni hayo tu. Sikuanguka chini. Sikunena kwa lugha. Nabii alipiga kelele nyuma yetu kwamba tunatembea kwenda motoni, na kwa jua lile sikuwa na nguvu ya kumbishia. Tulitembea mpaka barabarani, tukapata bodaboda. Mama Tabitha alitupokea, akanivua kanzu yenye vumbi, akaweka chakula mezani. Wokovu wangu, ndugu zangu, ulikuwa wali na mchicha.

Siku iliyofuata nilipanda juu ya kiti nikaishusha ile barua, nikaifungua mbele ya mke wangu na binti yangu. Halafu nilifanya jambo ambalo baba wa binti hafanyi. Nilikwenda mwenyewe Msata. Nilijua watanicheka mtaa mzima, baba anayemtembeza binti yake kama bidhaa. Nilipiga hodi kwa Mzee Shomari nikamweleza yote, bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake, akajikuna kichwa.

"Sisi tulidhani hujaridhika na mahari," akasema.

Nikacheka. Ilikuwa miezi mingi sijacheka. Nikamuuliza, "Kijana je? Ameshaoa?"

"Wazazi wake wamemwambia atafute kwingine," akasema. "Amekataa. Anasema hajajibiwa hapana."

Nikamwambia mahari irudi ile ya mwanzo. Akanishika mkono kwa muda mrefu.

Sasa nifunge, najua mnataka kwenda nyumbani. Bwana atarudi, hilo naliamini mpaka kesho. Lakini Neno lenyewe limekataa kutupa tarehe, kwa nini tumpe sikio anayetuuzia? Juzi nimepita Bagamoyo mjini nikakuta mwingine amekuja, na spika kubwa zaidi. Rafiki yangu tuliyekuwa tukipiga pasi pamoja bado anangoja kwa yule wa kwanza, na shamba lake limekuwa pori. Nimekwenda kumwona, hakunifungulia mlango. Nitakwenda tena, ingawa nimechoka. Nawasihi, mtu akikutajia siku, mwangalie mwanao usoni kwanza. Mtegemeeni Mungu kwa kesho ile ambayo hamkuambiwa. Pandeni. Jibuni barua za watu. Namshukuru Yesu, na namshukuru mke wangu aliyeweka chakula mezani siku zote.

Leo Mchungaji amesoma tangazo la ndoa ya Tabitha kwa mara ya tatu na ya mwisho. Mmemsikia akiuliza kama kuna mwenye kujua pingamizi lolote, aseme. Kanisa zima likanyamaza. Mimi nimesimama hapa kwa ajili hiyo, ndugu zangu. Pingamizi lilikuwa mimi. Nimeliondoa. Jumamosi njooni harusini, mle mshibe.