Kistari Si Sifuri

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Daftari, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba iliyopakana na kinamasi. Alisoma hadi darasa la nane, akaacha baba yake alipofariki.

Tarehe 3 Mei 1979 aliajiriwa na ofisi ya mazingira kupima kina cha maji na kuhesabu vyura na ndege kila asubuhi. Akihesabu asione kitu, aliandika sifuri katika daftari lake. Asipokwenda, alichora kistari. Hakuchanganya hata siku moja.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984. Wiki hiyo daftari lina vistari vitatu tu, na mkewe alimtania miaka yote kwamba wenzake walipewa fungate ya siku saba, yeye akapewa vistari vitatu. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 alipata kiharusi, akalazwa miezi minane, na ofisi haikumtuma mtu kumshikia kazi. Aliporudi na fimbo yake, alizichorea siku zile vistari, moja baada ya nyingine. Kisha, kabla hajaanza kuhesabu tena, wakaja wataalamu kuunda modeli ya kompyuta, ili ijulikane kama kinamasi bado kina uhai. Waliingiza madaftari yake yote, na kila kistari wakakigeuza sifuri. Modeli ikasema vyura waliisha mwaka 2016. Ugonjwa wake ukahesabiwa kuwa kifo cha kinamasi.

Alikwenda ofisini mara kumi na moja. Mkuu wa wataalamu alimwambia kompyuta haikosei. Akamjibu, "Bwana mkubwa, aliyekuwa hayupo ni mimi. Vyura walikuwepo."

Kibali cha kufukia kinamasi kikatolewa hata hivyo. Malori yalipomwaga kifusi, vyura walikuwa wanalia. Binti mkubwa, anayesoma haya, aliwasikia akiwa amemshika baba yake mkono.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Daktari ameandika moyo. Nyumbani wanajua zaidi.

Juzi ofisi imeleta rambirambi, na katika bahasha hiyohiyo imeomba madaftari ili irekebishe modeli. Majuto ni mjukuu. Mjane ameirudisha bahasha na kusema, "Waambieni mwenyewe hayupo."

Ameacha mjane, mabinti wawili na mjukuu mmoja. Yeye apumzike kwa amani. Waliokosea wasipumzike mpaka waseme walikosea.